Ned Racine hakuponzwa na mwanamke

Kila inapotajwa Body Heat, filamu ya Lawrence Kasdan ya mwaka 1981, hukumu huwa ileile: wakili kaponzwa na mwanamke. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Matty Walker, aliyechezwa na Kathleen Turner katika filamu yake ya kwanza, ni mwongo na muuaji, hilo halina ubishi. Lakini ukiifuata hadithi hatua kwa hatua, usipumbazwe na joto la Florida wala saksafoni ya John Barry, utaona kwamba Ned Racine alikwishaharibika kabla ya kukutana naye, na kwamba hiyo ndiyo sababu iliyomfanya achaguliwe.

Tunamkuta Ned, anayechezwa na William Hurt, akikaripiwa na jaji kwa utetezi hafifu na wateja wasioeleweka, naye anatoka mahakamani akitabasamu. Matty anamwambia mapema, usoni, kwamba hana akili sana na kwamba hilo linampendeza kwa mwanamume. Ned analifanya mzaha. Kisha ule usiku wa kioo. Ameshaagwa nyumbani kwa Matty, kafika kwenye gari, anarudi. Milango imefungwa. Anazunguka baraza akichungulia, na Matty amesimama ndani, kimya, akimtazama. Ned anainua kiti na kulivunja dirisha. Mlango ungekuwa wazi angeweza kujitetea baadaye kwamba alivutwa ndani, lakini kioo kile kakivunja mwenyewe. Hata wazo la kumuua mume wa Matty, Edmund, ni Ned anayelitamka waziwazi. Matty amelizungukazunguka tu mpaka likamtoka mwenzake kinywani. Na hakukosa wa kumwonya: Teddy Lewis, mchomaji majengo aliyekuwa mteja wake (Mickey Rourke, anayewafunika wote kwa dakika chache), anamsihi aachane na jambo hilo.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, ni wosia. Baada ya mauaji, Matty anatoa wosia mpya wa kughushi, unaoonekana kuandikwa na Ned, wenye kosa la kisheria kuhusu kufunga mali kwa vizazi vijavyo. Kosa linaubatilisha, Edmund anahesabiwa kuwa amekufa bila wosia, na mali yote inamwangukia mjane badala ya kugawanywa na mpwa wa marehemu. Hila hiyo isingefua dafu kwa wakili makini. Inafanikiwa kwa kuwa Ned aliwahi kuvuruga wosia wa watu wengine na habari zilishaenea, hivyo hakuna anayeshangaa. Matty hakuhitaji mwanamume mwenye tamaa tu, maana hao ni wengi. Alihitaji mzembe mwenye leseni.

Wapo watakaosema kwamba mwanamke wa aina hii ni kashfa iliyobuniwa na wanaume waandika filamu, na kwamba kamera ya Kasdan inamla Matty kwa macho. Sehemu ya pili ya lawama hiyo ni kweli. Lakini macho hayo ni ya Ned, na filamu inayaadhibu: anauona mwili wote asiuone mpango hata kidogo. Wala simfanyi Matty shujaa. Mwanamke ambaye jina lake halisi aliliiba anakutwa ameteketea kwenye banda la boti, na kwa damu hiyo hakuna wa kumtetea.

Pingamizi jingine ni kwamba Matty anaponea. Katika Double Indemnity ya Billy Wilder, ya mwaka 1944, Phyllis Dietrichson anapigwa risasi, kwa kuwa kanuni za Hollywood za enzi hizo zilitaka uhalifu usilipe. Kanuni hizo zilifutwa mwaka 1968, na Kasdan akautumia uhuru huo. Kwa maoni yangu amefanya vyema. Kifo cha Phyllis kilimpa mtazamaji mwanamume mtu wa kubebeshwa deni lote. Hapa mbebaji ni Ned, yuko gerezani, na visingizio vimemwishia. Huko anaagiza kitabu cha picha cha shule aliyosoma Matty, anazilinganisha sura na majina, na kugundua mwanamke yule alikuwa nani. Ndiyo kazi ya uwakili pekee anayoifanya kikamilifu katika filamu nzima.