UCHAMBUZI: Magari yasema, madereva hawaelewi

Na MWANDISHI WETU

KILA asubuhi Wakenya wengi huwasha magari yao na kulakiwa na sauti ya mwanamke anayezungumza Kijapani. Wengi wao hawajui anasema nini. Wamemzoea tu, kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani.

Anachosema si salamu. Anamwarifu dereva kwamba kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haijatiwa katika mashine yake. Kifaa hicho hakina kazi yoyote humu nchini, na fundi anaweza kukitoa kwa muda mfupi.

Lau sauti hiyo ingekuwa ndiyo pekee isiyoeleweka, hili lingekuwa jambo la kuchekesha na kupita. Hata hivyo, ndani ya gari hilo hilo mna vifaa vingine vinavyolia, vinavyowasha taa za manjano na hata kukanyaga breki kwa niaba ya dereva. Hivyo navyo vimekuja bila maelezo yanayosomeka na mnunuzi.

Chanzo cha hali hii ni soko lenyewe. Kwa mujibu wa masharti ya Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS), gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini iwapo imepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Aidha, sharti usukani wake uwe upande wa kulia. Kwa sababu hiyo Kenya hufuata soko la Japani kama mkia ufuatavyo ng'ombe, na mtindo ulioanza Tokyo hutufikia miaka saba au minane baadaye.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikuwa na uzito, kwani magari yaliyoshushwa katika bandari ya Mombasa hayakutofautiana sana na yale tuliyoyajua. Sasa mambo yamebadilika. Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa EyeSight nchini Japani mwaka wa 2008, na Toyota ikaleta Safety Sense mwaka wa 2015. Muda si muda, mifumo hiyo ikawekwa hata katika magari madogo ambayo walimu na wafanyabiashara wa kawaida humu nchini huyanunua kwa mikopo ya vyama vya ushirika.

Isitoshe, tangu Novemba 2021 Japani imelazimisha modeli mpya za magari ya abiria zinazotengenezwa huko kuwa na breki zinazojishika zenyewe. Magari ya kizazi hicho ndiyo yatakayojaa katika yadi zetu miaka michache ijayo.

Tuanze na redio, maana hiyo ndiyo malalamiko ya kwanza ya kila mnunuzi. Japani ilitenga masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, kisha ikayaongeza hadi 95 mnamo 2014. Stesheni za humu nchini ziko kati ya 88 na 108. Mwenye gari huambulia stesheni chache za mwanzo wa masafa na kelele tupu kwingineko.

Mafundi huuza kifaa kidogo cha kupanua masafa, lakini hesabu yake haikubali. Redio yenye nafasi ya megahezi 14 haiwezi kubeba masafa ya megahezi 20, kwa hivyo stesheni fulani lazima zipotee au zipandane. Si jambo la burudani pekee. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, redio ilikuwa miongoni mwa njia za haraka za dereva kujua barabara ipi imefungwa.

Kisha kuna siku betri inapotolewa ili gari litengenezwe. Redio nyingi za Kijapani hujifunga papo hapo na kudai nambari ya siri au kadi ya ramani, tena kwa herufi ambazo mwenye gari hawezi kuzisoma. Ndipo anapoelekezwa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambako redio ya zamani hung'olewa na skrini kubwa kuwekwa mahali pake.

Hapa ndipo starehe inapogeuka kuwa hatari. Redio halisi huunganishwa kwa waya na breki ya mkono, ili picha za video zisionekane gari linapokwenda. Fundi akitaka kumfurahisha mteja, huuchukua waya huo na kuugandamiza kwenye chuma cha gari. Kuanzia hapo skrini huamini kwamba gari limesimama daima, hata likiwa linapaa kwenye Barabara Kuu ya Thika. Dereva hutazama mpira, na abiria wake husifu picha ilivyo safi.

Hata bila video, skrini ina gharama yake. Mwaka wa 2022, jarida la magari la Vi Bilägare la Uswidi lilipima muda ambao dereva hutumia kutekeleza kazi nne za kawaida, kama vile kubadilisha stesheni na kuongeza joto, akiwa katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Volvo ya mwaka wa 2005 yenye vitufe vya kubonyeza ilichukua sekunde 10, ambazo ni mita 306 za barabara. Gari jipya lililofanya vibaya zaidi, lenye skrini ya kugusa, lilichukua karibu sekunde 45. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita moja na robo.

Kilomita 110 kwa saa ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa magari ya kibinafsi katika barabara zetu kuu. Msomaji na apime mwenyewe ni watu wangapi, ng'ombe wangapi na bodaboda ngapi huvuka barabara ya kwenda Nakuru katika kilomita moja na robo.

Wazungu wenyewe wameanza kurudi nyuma. Kuanzia Januari 2026, shirika la Euro NCAP linalopima usalama wa magari barani Ulaya linawanyima alama watengenezaji wasioweka vitufe au mikono halisi kwa kazi muhimu kama vile honi, viashiria vya kona na vifutio vya kioo. Sisi tungali tunang'oa vitufe na kuweka vioo.

Kiyoyozi nacho hudhaniwa kuwa anasa ya matajiri, na madereva wengi hukizima ili kuokoa mafuta. Matokeo yake huonekana Limuru na Kinungi alfajiri ya ukungu. Kioo cha mbele hufunikwa na mvuke, naye dereva huendesha kwa mkono mmoja huku akikipangusa kwa kitambaa. Kitufe cha kuondoa mvuke kiko mbele yake, chenye mchoro wa kioo na mishale mitatu inayopanda. Kiyoyozi hukausha hewa, na hewa kavu ndiyo inayoufuta mvuke, hata ikiwa imepashwa moto.

Kuna kitufe kingine chenye mchoro wa gari na mshale unaojikunja ndani yake. Hicho huzungusha hewa ile ile bila kuingiza mpya, na hufaa pale mtu anapopita kwenye vumbi au nyuma ya lori linalofuka moshi. Familia ya watu watano ikifunga madirisha na kukiacha kitufe hicho kikiwa kimewashwa usiku kucha kuelekea Kakamega, hewa chafu wanayoipumua hurundikana na usingizi humjia dereva upesi. Baadaye tutaambiwa kwamba dereva alisinzia, na hakuna atakayekagua kile kitufe.

Lakini kiini cha suala hili ni vifaa vya kumsaidia dereva. Mfumo wa EyeSight hutumia kamera mbili zilizo karibu na kioo cha kutazamia nyuma, nazo hupima umbali kama macho mawili ya binadamu. Toyota hutumia kamera nyuma ya kioo cha mbele, pamoja na mwali wa leza au rada. Kamera husoma mistari ya barabara, nayo rada hupima kilicho mbele. Vyote viwili vinahitaji kuelekezwa sawasawa, kwani kosa dogo la pembe kwenye kioo huwa kosa la mita kadhaa mbali barabarani.

Sasa tulitazame gari hilo likiwa mikononi mwetu. Jambo la kwanza ambalo mnunuzi hufanya ni kuliinua kwa kuweka spesa kwenye springi, ili lisigonge matuta. Pua ikipanda kuliko nyuma, kamera nayo hupanda. Kioo kikipasuliwa na kokoto, hubadilishwa gereji yoyote iliyo karibu, bila kamera kupimwa upya. Bima hutenga kiasi maalumu cha kioo na kingine cha redio, lakini ni wateja wachache wanaouliza iwapo gharama ya kuipima kamera imo.

Wezi nao wametia mkono wao. Katika magari kadhaa ya Toyota, rada hukaa nyuma ya nembo ya mbele, na nembo hiyo hutengenezwa kwa namna maalumu ili mawimbi yapite. Ikiibwa jijini na mwenye gari kununua nyingine ya chuma, rada huwa imefungwa macho.

Taa ya manjano huwaka, na fundi humtuliza mteja kwa kumwambia ni "kompyuta tu."

Hata kifaa kikiwa kizima, barabara zetu hazikuwa akilini mwa aliyekibuni. Onyo la kutoka kwenye mstari huanza kufanya kazi katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa au zaidi, nalo hutegemea mistari inayoonekana. Barabara ya Nairobi Expressway ina mistari hiyo, lakini sehemu nyingi za mashambani mistari ilifutika zamani. Palipo na mistari, dereva anayekwepa shimo hupigiwa kelele na gari lake kana kwamba amelewa. Matatu ikimkata ghafla, breki hujishika, na aliye nyuma humgonga.

Haishangazi basi kwamba wengi huuzima mfumo wote, jambo ambalo kwa maoni yetu ni kosa. Wapo pia wanaokosea upande wa pili kwa kuuamini kupita kiasi. Toleo la kwanza la mfumo wa Safety Sense uliowekwa katika magari madogo lilitambua magari tu. Halikumtambua mtu anayetembea kwa miguu, na watu hao ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa katika barabara zetu. Tangu 2021, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifariki barabarani humu nchini kila mwaka. Dereva aliyeona kwenye mtandao gari likisimama lenyewe, naye akadhani lake pia litafanya hivyo mbele ya mtoto wa shule, amepotoshwa vibaya.

Tuliwahi kupita njia hii. Sheria za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zililazimishwa kuwa na mishipi ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mwanzoni nidhamu ilionekana. Baadaye vidhibiti vikaanza kuchezewa, kwa kuwa mwenye gari aliviona kama mzigo wa polisi, na mkaguzi aliridhika kuona kwamba kifaa kipo.

Ukaguzi wetu bado una tabia hiyo. Mawakala wa KEBS hulikagua gari likiwa Japani kabla ya kusafirishwa. Mwaka wa 2025 yalitolewa mapendekezo ya kuyapeleka hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne kukaguliwa mara kwa mara. Mjadala mwingi ulihusu ada. Swali la iwapo kamera ya gari lililoinuliwa inatazama barabara au mawingu halikusikika, ilhali hilo ni jambo ambalo Mamlaka ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) ingeweza kuliongeza kwenye fomu bila kuunda tume. Shule za udereva nazo zingali zinafundisha kwa vigari vya kuchezea mezani, na mwanafunzi huhitimu bila kuelezwa maana ya taa hata moja ya mifumo hii.

Wauzaji pia hawana kisingizio. Anayeuza gari la zaidi ya shilingi milioni moja anaweza kuchapisha karatasi mbili za Kiswahili zinazoeleza kila kitufe kina kazi gani, mfumo upi upo na upi haupo. Kwa sasa mnunuzi hupewa ufunguo, kitabu cha Kijapani na chupa ya maji. Kabla ya kutia sahihi, na aombe gari liwashwe, asubiri sekunde chache, kisha aulize maana ya kila taa ya manjano ambayo haijazima.