Tuseme Bou au Tuseme Bau?

Tumechoka kuchekwa. Sisi wa darasa la jioni la Kiingereza ni watu wazima wenye kazi zetu: mpishi, muuguzi, fundi umeme, mama muuza vitenge, vijana wanaotembeza wageni Mji Mkongwe. Tunalipa ada kila mwezi, tunakuja na madaftari baada ya magharibi, miguu imetuvimba kwa kusimama mchana kutwa. Halafu neno la herufi tatu linatutia aibu mbele za watu. Neno lenyewe ni bow: likiwa upinde ni bou, likiwa kuinama au omo, mbele ya chombo, ni bau.

Mwenzetu mmoja hufanya kazi kwenye boti za kwenda kisiwa cha Changuu. Juzi bahari ilichafuka kidogo, akataka wageni wawili waliokaa omo warudi nyuma wasilowe. Alikuwa amejiandaa, neno la omo alilitafuta kwenye kamusi usiku wake. Akawaita kwa sauti ya juu: “Bou! Bou!” Wageni wakatazamana. Mmoja akanyoosha mkono kama anayevuta upinde, mwenziwe akaangua kicheko, na kabla hawajaelewa walichoambiwa wimbi likawafunika wote wawili.

Dada mwingine wa darasa letu aliitwa kwenye usaili wa hoteli moja, kazi ya mapokezi. Akapewa karatasi asome. Ndani yake mlikuwa na sentensi juu ya kuinama kidogo kumlaki mgeni. Naye akasoma bou, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa sekondari, kwenye picha ya mtu na mshale. Msaili akaandika kitu, akamshukuru. Kazi hakuipata, na tangu siku hiyo akisimamishwa kusoma darasani sauti inamkauka.

Tunauliza: kosa la hawa wawili ni lipi? Hakuna herufi waliyoiruka. Walisoma kilichoandikwa.

Tulimbana mwalimu, naye, Mungu ampe afya, hakutukwepa. Alifuta ubao wote akaanzia mbali, kwenye Kiingereza cha miaka elfu iliyopita. Wakati huo yalikuwapo maneno mawili. Boga ilikuwa upinde. Bugan ilikuwa kupinda, kujikunja, kuinama. Hapo darasa zima likatulia, maana jambo hili tunalijua tangu nyumbani: na kwetu upinde umetoka kwenye kupinda. Waingereza wa kale walikitazama kitu kilekile kwa jicho lilelile la wazee wetu. Hata mbingu ikipambwa rangi baada ya mvua, wao husema upinde wa mvua na sisi tunasema upinde wa mvua. Kiwiko nacho wakakiita upinde wa mkono, ndiyo elbow hiyo, na mkiani mwake imo bou ileile.

Sasa maneno haya ya mzizi mmoja yaliachanaje njia? Katika boga ile g ililegea ikawa w, tukapata bou. Bugan ilikuwa na u ndefu, ya kuvuta. Kati ya miaka ya 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake kinywani, na ile uu ikageuka au. Nyumba iliyokuwa “huus” ikawa “haus”, panya aliyekuwa “muus” akawa “maus”, na kuinama kukawa bau. Lakini katikati ya safari hiyo matbaa ilikuwa imeshaingia, maana William Caxton alifungua yake Westminster mwaka 1476, na maandishi yakaanza kuganda. Vinywa vikaendelea na safari, herufi zikabaki kituoni.

Na omo je? Sote tulidhani ni upinde uleule, kwa jinsi mbao za mbele ya chombo zinavyopinda. Kumbe sivyo. Neno hilo ni mgeni aliyekuja baadaye, kutoka kwa mabaharia wa Bahari ya Kaskazini. Waholanzi wanasema boeg, na maana yake ya asili ni bega. Ni bega la chombo, lile linalosukuma maji, wala halina udugu na upinde. Likafika Uingereza likavishwa herufi zilezile tatu, likasomwa bau. Kuazima si aibu. Nahodha wetu ametoka Uajemi, bendera tumeipata kwa Wareno. Lakini nahodha ukimwandika, mtoto wa darasa la pili anamsoma nahodha.

Kuna anayetujibu kwamba hata Kiswahili kina paa wa porini, paa la nyumba na ndege kupaa. Ni kweli, ila kinywa ni kimoja, anayesoma hakosei. Tumekumbushwa pia barabara, ile ya magari na ile ya sawasawa, ambazo mkazo unazitenganisha. Hilo tunalikubali, lakini kwetu maneno ya namna hiyo ni ya kuhesabu kwa vidole. Kwao yamejaa tele: tear, wind, lead. Kwenye boti hiyohiyo ya Changuu lipo row, kupiga makasia ni rou na ugomvi ni rau.

Mtoto wa Kiingereza hulisikia neno mdomoni mwa mama yake miaka mitano kabla hajaliona kwenye karatasi. Sisi tunaliona kwanza. Mtoto wetu wa shule ya serikali anaanza masomo kwa Kiswahili, akifika sekondari vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza, na mwalimu wake naye alijifunza kwa macho vilevile. Kamusi tuliyouziwa sokoni imepanga upinde, kuinama na omo mstari mmoja, imetia mkato katikati, basi. Simu nayo ukiligusa neno inatamka sauti moja, haiulizi umekusudia lipi. Mtu akishapita njia hiyo yote peke yake, anawekwa mbele ya msaili apimwe kwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumpa.

Tunachodai si kikubwa. Kila penye neno la namna hii, kitabu kituandikie linavyotamkwa, kwa herufi tunazozijua. Anayesaili naye, akisikia bou mahali pa bau, amuulize mtu maana ya alichosoma kabla hajaandika chochote kwenye karatasi yake. Dada yetu angejibu. Maana aliijua.

Yule wa boti hakungoja kitabu. Amechukua kalamu ya wino mzito akaandika upande wa ndani wa ubao wa boti, karibu na mashine, pale anapopaona akiwa amesimama: omo, bau. Herufi tatu hizo za mwisho ndizo tulizotarajia kuzikuta kwenye kamusi tuliyoilipia.