Kuuliza si Ujinga

Wenzangu, mbona kidato cha kwanza akiuliza, "Eti Python ni nyoka?" chumba cha kompyuta chote kinaangua kicheko? Nyinyi mnaocheka, mwajua jina hilo lilitoka wapi? Guido van Rossum, aliyeitoa lugha hiyo mwaka 1991, alilichukua kwa wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.

Swali lingine: tuanze na tovuti ama michoro? Mimi nasema michoro. Tovuti yataka ujue HTML na seva pia. Lakini kasa wa kuchora, turtle, huja na Python yenyewe, wala hahitaji intaneti. Mwambie aende hatua 100, ageuke digrii 90, mara nne: mraba huo! Ukikosea, waona papo hapo.

Jamani, ulizeni tu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.