Mtoto Mchanga Hutaka Kuitikiwa

Wapo washauri wa malezi wanaodhani kwamba mtoto mchanga hulelewa vema pale tu anapokuwa na mama yake muda wote. Wapo pia wazee wanaoamini kwamba mtoto wa miezi miwili hana ajualo, hivyo kuzungumza naye ni kupoteza wakati. Rai zote mbili zina kasoro, na katika pwani ya Mtwara kasoro hizo zaweza kumdhuru mtoto.

Kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, maisha ya wengi hufuata bahari. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu. Maji yanapokupwa sana, wanawake hushuka ufukoni kutafuta pweza na kombe, maana siku hizo zikipita, kitoweo na fedha navyo vimepita. Mtoto hubaki na bibi, mama mdogo au dada yake. Je, mama huyo anamnyima mwanawe haki yake?

Jibu lilipatikana humu humu Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea mara kwa mara familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akawachunguza watoto wachanga 28. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1967. Watoto waliokuwa na utulivu na imani kwa mama zao walikuwa wa akina mama waliowapa wakati wao na kuwajua kwa undani. Kuwapo kwa walezi wengine, peke yake, hakukuonekana kuidhoofisha imani hiyo. Mtoto aweza kupendwa na wengi, ilmradi hao wengi wamwitikie.

Kwani kuitikiwa kuna maana gani? Mtoto huanza kusikia sauti akiwa tumboni. Mwaka 1980 DeCasper na Fifer walionyesha kwamba mtoto wa siku chache huitambua sauti ya mama yake. Afikapo wiki ya sita hadi ya nane, humchekea amtazamaye. Kila anapocheka, akaguna au akalia, huwa amepeleka ujumbe. Akijibiwa, mawasiliano baina ya seli za ubongo wake huimarika, naye hujifunza kwamba sauti yake ina nguvu.

Katika miaka ya 1970, huko Marekani, Edward Tronick aliwataka akina mama wawatazame watoto wao kwa dakika chache bila kubadili uso wala kusema neno. Watoto walianza kwa kuwachekea na kuwanyoshea mikono. Walipokosa jibu, waligeuza nyuso kwa huzuni. Yafaa ikumbukwe kwamba mama hakuondoka. Alikuwa mbele ya mtoto, lakini hakuitikia. Ndivyo awavyo mlezi aliyeinamia simu ya mkononi.

Mila za pwani zina hazina kubwa. Arobaini humpa mama na mtoto nafasi ya kujuana; mbeleko humpa mtoto joto na usalama. Lakini mtoto aliye mgongoni hauoni uso wa ambebaye, na kumnyamazisha si sawa na kuzungumza naye. Robert LeVine aliona miongoni mwa Wagusii wa Kenya kwamba akina mama huwahi sana kumtuliza mtoto aliaye, ila huzungumza naye kwa nadra kuliko akina mama wa Marekani. Malezi hayo yaliufaa ulimwengu wa wakati wake, ambao haja yake ya kwanza ilikuwa mtoto aishi. Mtoto wa leo ataingia darasani, na huko maneno ndiyo mtaji wake wa kwanza.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa mwaka 2021/22 hadi 2025/26, iliyaweka malezi yenye mwitikio miongoni mwa mambo yake makuu. Hilo ni jema. Hata hivyo, ushauri utolewao kliniki kwa mama pekee hautamfikia bibi anayebaki nyumbani siku za bamvua. Wala dada hawezi kutegemewa, maana mahali pake ni shuleni. Basi wahudumu wa afya wa vijiji hawana budi kuketi na bibi na mama wadogo, na baba pia, kuwaeleza kwamba soga na kitoto ni kazi yenye faida. Vijiji vyenyewe navyo vyapaswa kufikiria vituo vya kulelea watoto wakati wa maji kupwa.

Kumpakata mtoto, kumtazama usoni, kuigiza sauti yake na kungoja ajibu hakuhitaji fedha wala vifaa. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Asiyeitikiwa leo, kesho atawezaje kusema?