GARI LA HARAKA AU GARI LA KILA STESHENI?

Wanachama wa Masasi na Newala waitwao Morogoro au Dodoma kwa kazi za Serikali hubishana juu ya jambo moja: wakishafika Dar es Salaam kwa basi, yafaa wapande gari la haraka, au lile la kawaida lisimamalo katika stesheni za njiani? Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini lahusu fedha za masurufu, saa za kazi na heshima ya mtumishi. Kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kulitolea shauri.

Kwanza tueleze yaliyo hakika. Reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024, na tarehe 25 Julai mwaka ule ule magari yakaanza kwenda Dodoma. Wazee wangali wakiliita gari la moshi, ingawa moshi haumo. Kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro ni kilometa 205, na njia imejengwa kwa mwendo wa kilometa 160 kwa saa. Baina ya miji hiyo ziko stesheni nne: Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Nauli ya gari la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa Shilingi 13,000 hadi Morogoro, na 31,000 hadi Dodoma.

Sasa na tupige hesabu kama makarani. Gari lisimamapo stesheni moja hupoteza dakika za kupunguza mwendo, za kushusha na kupakia, na za kuanza tena. Tukizikadiria kuwa tano, stesheni nne ni dakika ishirini. Hiyo ndiyo faida yote ya gari la haraka katika safari ya Morogoro, nayo hupotea upesi. Stesheni mpya ya Morogoro iko Kihonda, si katikati ya mji, na kutafuta chombo cha kumfikisha mtu mjini kwaweza kuzila dakika hizo zote. Aidha, mwanachama aliyefikia kwa ndugu zake Gongo la Mboto yuko karibu na Pugu. Akienda mjini kulifuata gari la haraka, atakuwa amerudi nyuma ili apate kwenda mbele.

Hatuwahubirii wenzetu kwamba haraka haina baraka. Methali haimwokoi karani aliyechelewa mkutano. Safari ya Dodoma ni ndefu, stesheni zake ni nyingi, na dakika tano tano hukusanyika zikawa kitu. Huko gari la haraka lina haki yake. Lakini kwa safari fupi, saa ya kuondoka ina nguvu kuliko jina. Gari la kawaida likiondoka saa kumi na mbili asubuhi, litafika Morogoro kabla ya gari la haraka liondokalo saa mbili.

Linalotusikitisha ni kwamba wako wanaochagua gari la haraka kwa fahari tu, kana kwamba kuketi karibu na mama wa Soga na kikapu chake kwapunguza cheo. Mtumishi wa umma aonaye haya kusafiri na umma amesahau jina la kazi yake. Na pale nauli ya haraka inapozidi, ziada hiyo si fedha yake ya kuchezea.

Sisi wa Kusini tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianza kujengwa reli ya Mtwara kwa ajili ya mashamba ya karanga ya Nachingwea. Mpango wa karanga uliachwa mwaka 1951. Reli iliendelea kwa taabu, hata tawi lake likaletwa Masasi, lakini mzigo haukutosha. Mwaka 1962 ikafungwa, na baadaye vyuma vikang'olewa. Tangu hapo twajua kwamba reli huishi kwa wale waitumiao. Stesheni ya Ngerengere ikikosa abiria, na gari la kawaida likakimbiwa na wenye mishahara, nani atalitetea siku ya kupunguza magari?

Basi shauri letu ni hili. Isomeni ratiba kabla ya kukata tiketi. Linganisheni saa ya kufika mnakokwenda hasa, wala si saa ya kufika stesheni. Kwa Dodoma, kama kazi yadai, pandeni gari la haraka bila wasiwasi. Kwa Morogoro, pandeni lile litakalowafikisha kwa wakati na kwa gharama ndogo. Na mara nyingi, twaamini, mtajikuta pamoja na yule mama wa Soga.