MAMBO YA NYUMBANI: Babu, Mjukuu na Gari Kuukuu

Katika ua wa nyumba moja mjini Juba, chini ya mwembe, gari aina ya Land Rover la miaka ya 1970 lilikaa juu ya matofali muda mrefu hata kuku wakalifanya makazi. Mwenyewe ni askari mstaafu, aliyejifunza ufundi katika gereji ya mjini Kampala wakati wa ujana wake, kisha akatengeneza malori ya jeshi kwa miaka mingi. Mjukuu wake ana umri wa miaka 16. Alivuka mpaka pamoja na mama yake baada ya mapigano ya Julai 2016, akalelewa katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, akarudi kijana mrefu asiyemjua babu. Lugha waliyokutania ni Kiswahili, ingawa majuma ya kwanza hata hicho kilitumika kwa uchache: shikamoo asubuhi, basi, mpaka wakati wa chakula.

Wazo lilikuwa la kijana. Aliona picha za magari yaitwayo hotirodi, akataka gari la babu ligeuzwe vivyo hivyo: paa liondolewe, milango ing'olewe, injini ivume. Bibi aliona ni upuuzi. Lakini wazo hilo lina historia yake. Huko California katika miaka ya 1930, vijana wasio na fedha walichukua magari makuukuu ya Ford, wakang'oa kila kisichohitajika ili yawe mepesi, wakayashindanisha juu ya maziwa yaliyokauka kama lile la Muroc. Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari wengi walirudi nyumbani na ujuzi wa mitambo walioupata jeshini, na mchezo huo ukastawi. Babu aliposikia habari za askari hao, ndipo alipovua shati na kuomba spana.

Injini yenyewe haikuwa na matata. Ni ya silinda nne, na zamu ya plagi kuwasha moto ni 1, 3, 4, 2; kijana aliikariri kwa siku moja. Kabureta ilisafishwa, oili chakavu ikamwagwa katika sufuria ya bibi (bila ruhusa), na injini ikanguruma. Kijana akataka kutoka barabarani jioni ile ile.

"Breki kwanza," akasema babu.

Kijana hakupendezwa. Siku babu alipokwenda msibani, aliona kopo la mafuta ya breki li tupu, akalijaza oili ya injini. Yafaa kila mwenye gari aelewe ubaya wa jambo hilo. Oili ya namna hiyo huvimbisha na kulainisha raba zilizo ndani ya silinda za breki, na breki hukwama au hukataa kushika kabisa. Raba zote hazikufaa tena. Mpya ziliagizwa Kampala, katika soko la Kisekka, zikaja kwa basi kupitia Gulu na Nimule, na fedha zilizotumika ndizo zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya kuezeka jiko la bibi. Maneno yakawa mengi nyumbani, na kwa kweli haki ilikuwa upande wa bibi. Usiku ule kijana alifunga begi lake.

Asubuhi babu alimkuta kibarazani. Hakumgombeza. Alimtia mkononi raba mbili, iliyovimba na iliyo mpya, kisha akamsimulia juu ya lori alilopata kuliacha bila kukaza nati za gurudumu, na nani alikuwa ndani yake. Habari hiyo hata bibi hakuwa ameisikia.

Kutoa hewa katika breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa ndani akikanyaga pedeli, mwingine hulala chini, hufungua nati ndogo nyuma ya gurudumu na kutazama mapovu yakitoka kwa mpira hadi kwenye chupa. Wasiposemezana, hewa hurudi. Kwa hiyo siku nzima majirani walisikia: "Kanyaga!" "Nimekanyaga, babu." "Shika hapo hapo! Haya, achia." Walianza na gurudumu lililo mbali zaidi na kopo, wakamaliza magharibi, pedeli ikiwa ngumu kama jiwe.

Paa liliondolewa Jumapili iliyofuata. Milango ilibaki, kwa amri ya bibi.

Gari hilo lilitoka Uganda, na usukani wake uko kulia, hali huko Juba magari hupita upande wa kulia wa barabara tangu Sudan ilipobadili utaratibu mwaka 1973. Kwa hiyo dereva akiwa nyuma ya lori haoni yanayomjia. Aonaye ni yule aliyekaa kushoto. Siku ya kwanza katika barabara ya Nimule walikuta lori la saruji mbele yao. Babu akataka kulipita.

"Subiri, babu," akasema kijana, shingo nje ya dirisha.

Babu akakanyaga breki, akasubiri.