Somo la Chuo cha Pili: Idhini Kwanza, Safari Baadaye



Kwa muda sasa twapokea barua zenye kuuliza jambo moja kwa maneno mbalimbali: mtu aliyeandikishwa katika chuo kimoja, je, aweza kusoma somo moja au mawili katika chuo kingine, nalo likahesabiwa katika shahada ya chuo chake? Jibu letu ni kwamba aweza, na vyuo vingi vina kanuni ya kuliruhusu jambo hilo. Lakini asiyeijua taratibu yake huweza kupoteza fedha, wakati na cheo, wala asipate mtu wa kumlaumu.

Sababu za kutaka hivyo si uvivu wala ujanja. Karani huhamishwa kituo hali amebakiza masomo mawili tu. Mwingine hukuta somo alilokosa hufundishwa chuoni kwake mara moja kwa mwaka, tena saa za kazi, na chuo cha jirani hulifundisha jioni. Mtu wa namna hii hataki kupunguziwa mzigo. Ataka aonyeshwe njia ya kuubeba.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliundwa kwa kuunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Katika miaka ile ya kwanza, aliyetaka shahada ya udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, ambako chuo kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria. Nchi hazikuona haya kuazimana waalimu na madarasa, kwani gharama ya kujenga kila kitu mara tatu ilikuwa kubwa. Mwaka 1970 ushirika huo ulivunjwa, vikawa vyuo vikuu vitatu, kila kimoja na kanuni zake. Mwaka 1980 likaundwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala. Na Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza nchi zao kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo ni jema sana. Walakini tangazo la wakuu halimjazii mtu fomu ya msajili.

Yuko ndugu yetu mmoja, karani wa masjala, ambaye hatutamtaja wala hatutakitaja chuo chake. Alitumia likizo yake ya mwaka kusoma somo la hesabu za fedha katika chuo cha pili, akalipa ada kwa mshahara wake, akafaulu vizuri. Alipoipeleka hati ya matokeo chuoni kwake aliambiwa kwamba hakuruhusiwa, na kwamba saa za somo lile ni pungufu. Akalirudia somo lile lile, akamaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzake, na nafasi aliyoingojea kazini ilikwisha kupata mtu. Tulipomwuliza barua ya idhini iko wapi, alijibu kwamba mwalimu alimwambia kwa mdomo, “Nenda tu, hakuna shida.” Huyu ni mtu ambaye kwa miaka mingi hakupata kuhamisha karatasi moja bila maandishi ya mkubwa wake! Kweli, mganga hajigangi.

Basi yatupasa tujifanyie wenyewe yale tunayoyafanya kila siku kwa majalada ya wengine. Kwanza, pata muhtasari wa somo kutoka chuo cha pili, wenye kuonyesha mada, daraja, saa na namna ya mtihani. Pili, uandikie barua mkuu wa idara yako, ukiambatisha muhtasari huo, na kutaja wazi ni somo gani la chuo chako ambalo hilo litashika nafasi yake. Tatu, ngoja jibu lenye sahihi kabla hujalipa ada. Nne, jiandikishe huko kama mwanafunzi mgeni wa somo hilo, si kama mwanafunzi wa shahada ya pili, maana kuandikishwa katika shahada mbili kwa wakati mmoja ni jambo jingine lenye hatari zake. Mwisho, uombe msajili wa huko apeleke hati ya matokeo moja kwa moja kwa msajili wako, nawe utunze nakala.

Zitazame pia hesabu za krediti. Katika Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya kwanza hudai krediti zisizopungua 360. Katika nchi nyingi za Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka mmoja ni krediti 60. Basi mtu asione krediti 10 hapa na krediti 10 kule akadhani uzito ni mmoja. Na ujue ya kwamba vyuo vingi hupokea krediti bila kuiingiza alama katika wastani wako, tena huweka kiasi cha masomo ambacho lazima kisomwe kwao wenyewe. Uliza mapema, hasa kama umo katika mwaka wa mwisho.

Hatuvilaumu vyuo kwa kuwa waangalifu. Shahada hubeba jina la chuo, na chuo kikipokea kila karatasi, jina lile halitakuwa na thamani hata kwa huyo mwenye kuipokea. Lakini uangalifu si ukimya. Ombi lililoletwa kwa wakati lastahili jibu la maandishi kabla masomo hayajaanza, na likikataliwa litajwe sababu. Huko Ulaya, katika mpango wa Erasmus ulioanza mwaka 1987, mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea hutia sahihi mapatano ya masomo kabla ya safari. Karatasi moja na sahihi tatu: hivyo ni vitu ambavyo hakuna chuo cha kwetu kisichoweza kuvipata.

Twapendekeza kwamba mkutano ujao wa Chama ufikiri mambo mawili: kutunga mfano wa barua ya kuomba idhini, utakaogawiwa kwa matawi yote, na kukusanya mihtasari ya masomo ambayo wanachama wamekwisha kukubaliwa, ili anayefuata asianze gizani.

Kwa leo twawasihi ninyi mlio na barua za vyuo mifukoni: kabla hamjakata tiketi wala kulipa ada, itazameni karatasi. Ikiwa haina sahihi, rudini mezani mkaandike.

MHARIRI